Deni la Mau Mau: Historia na Madaraka Nchini Kenya

Simulizi ya namna taifa lilivyopata uhuru huamua mambo mawili kwa pamoja: nani ana haki ya kutawala, na nani ana haki ya kudai. La kwanza husikika sana, kwa kuwa watawala hulitangaza wenyewe kila sikukuu ya taifa. La pili hujificha, nalo ndilo zito zaidi. Mtu akitambuliwa kuwa aliipigania nchi, anapata dai: la shamba, la fidia, la kaburi, la jina katika vitabu vya shule. Asipotambuliwa, anayoyasema huwa malalamiko ya mzee mmoja kijijini. Ndiyo maana mabishano kuhusu yaliyopita hayaishii kwa wanahistoria, bali hufika bungeni, mahakamani na katika ofisi za ardhi. Kenya inalidhihirisha jambo hili kuliko nchi nyingi za Afrika, kwa sababu vita vya Mau Mau vimesimuliwa na serikali moja baada ya nyingine kwa namna zisizopatana, na kila simulizi ilimfaa aliyeitoa.

Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari tarehe 20 Oktoba 1952. Chanzo cha uasi hakikuwa fumbo. Nyanda za juu zilikuwa zimetengewa walowezi wazungu. Maelfu ya Wakikuyu waliishi kama maskwota katika mashamba ya Bonde la Ufa, wakipunguziwa mwaka hadi mwaka idadi ya mifugo na ukubwa wa vishamba walivyoruhusiwa kulima, na waliofukuzwa huko walirudi kwao wakakuta hakuna nafasi. Waasi walijiita Jeshi la Ardhi na Uhuru. Kuyakubali hayo kungekuwa kukubali kwamba upo mgogoro wa mali, na mgogoro wa mali una pande mbili zinazoweza kuitwa mezani. Serikali ya kikoloni ilichagua maelezo mengine: kwamba Mau Mau ni ugonjwa wa akili na kurudi nyuma kwenye ushenzi. Mwaka 1954 ilichapisha taarifa ya J. C. Carothers, daktari wa magonjwa ya akili aliyewahi kuiongoza Hospitali ya Mathari, iliyoeleza uasi huo kama mtafaruku wa watu waliong'olewa katika mila zao kabla ya kuyazoea maisha mapya. Mwaka 1960 ripoti ya F. D. Corfield, iliyotolewa kama historia rasmi ya chimbuko la Mau Mau, ilimtwisha Jomo Kenyatta mzigo wote, na kuyasukuma kando malalamiko ya ardhi.

Maelezo hayo hayakubaki kwenye karatasi. Ikiwa uasi ni ugonjwa, basi jibu lake ni tiba, na tiba iliyoandaliwa ilikuwa mfululizo wa kambi za kizuizini ambamo mtu alihamishwa kutoka moja hadi nyingine kadiri alivyokiri kiapo chake cha Mau Mau. Zaidi ya watu milioni moja walihamishiwa katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki na kulindwa na askari. Watu 1,090 walinyongwa kwa hukumu za mahakama, na hesabu rasmi za wakati huo ziliweka waasi waliouawa kuwa zaidi ya 11,000. Raia wazungu waliouawa walikuwa 32. Hata hivyo ni hao 32 waliojaza kurasa za magazeti ya London na riwaya za kusisimua, kiasi kwamba msomaji wa Ulaya wa mwaka 1955 angeweza kudhani kwamba wahanga wakuu wa vita hivyo walikuwa familia za walowezi.

Sehemu iliyodumu zaidi ya kazi hiyo ya kikoloni ilikuwa ya kimya, ya makaratasi. Waafrika walipopiga kura kwa mara ya kwanza kuchagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria, Machi 1957, Wakikuyu, Waembu na Wameru walitakiwa kuwa na cheti cha utiifu. Aliyeshukiwa kula kiapo hakupiga kura. Wakati huohuo, chini ya mpango wa Swynnerton wa 1954, vipande vya mashamba katika Mkoa wa Kati vilikuwa vikikusanywa, kupimwa na kuandikishwa kwa majina ya wenyewe. Aliyekuwa Manyani au katika kambi nyingine hakuwepo kuonyesha mpaka wake. Chifu, mzee wa mahakama na askari wa ulinzi aliyeitwa hom gadi walikuwepo. Hivyo hukumu juu ya nani mwaminifu na nani mwasi iligeuka kuwa hati ya shamba, karo ya shule na nafasi ya ukarani, miaka kadhaa kabla bendera haijabadilishwa. Daniel Branch, mwanahistoria aliyewachunguza watiifu hao, ameonyesha kwamba wao ndio waliouingia uhuru wakiwa wamejipanga, na matokeo yake yanaonekana katika kila jambo lililofuata.

Simulizi ya tiba ilianguka yenyewe tarehe 3 Machi 1959 katika kambi ya Hola, walipopigwa hadi kufa wafungwa 11 waliokataa kufanya kazi. Taarifa ya kwanza ya serikali ilidokeza kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Uchunguzi wa kitabibu ukaonyesha mifupa iliyovunjika na majeraha ya kipigo, na mjadala uliofuata katika Bunge la Uingereza uliharakisha mwisho wa ukoloni nchini Kenya.

Kenyatta alikuwa amefungwa kwa simulizi ambayo haikuwa kweli. Agosti 1952, mbele ya umati mkubwa mjini Kiambu, aliilaani Mau Mau hadharani. Mahakama ya Kapenguria haikujali hilo. Aprili 1953 ilimhukumu kifungo cha miaka saba pamoja na Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei, Achieng' Oneko na Kung'u Karumba. Shahidi mkuu, Rawson Macharia, alikiri mwaka 1958 kwamba alihongwa kusema uongo. Wakoloni walimpachika uongozi wa vita ambavyo hakuviongoza, na kwa kufanya hivyo wakamtengenezea sifa ambayo hakuna mwanasiasa mwenzake aliyeweza kushindana nayo. Hata Gavana Patrick Renison alipomwita mwaka 1960 kiongozi wa kuelekea gizani na mautini, alikuwa akimpigia kampeni bila kukusudia.

Alipotoka kizuizini, Kenyatta aliitumia sifa hiyo na kuikataa asili yake kwa wakati mmoja. Septemba 1962, akihutubia Githunguri, alirudia lugha ya wakoloni karibu neno kwa neno: Mau Mau ilikuwa ugonjwa ulioondolewa, na haifai kukumbukwa tena. Agosti 1963, mjini Nakuru, aliwaambia walowezi kwamba wasamehe na kusahau yaliyopita, naye atafanya hivyo hivyo. Kutokana na hayo ikazaliwa kauli iliyotawala miaka 15 ya utawala wake, kwamba wote walipigania uhuru.

Kauli hiyo ilikuwa na sababu nzuri na sababu mbaya, na haifai kuitupilia mbali bila kuipima. Vita vya Mau Mau vilikuwa pia vita vya wenyewe kwa wenyewe. Usiku wa tarehe 26 Machi 1953 huko Lari, wapiganaji walichoma nyumba za watiifu na kuua makumi ya watu, wengi wao wanawake na watoto, na askari na hom gadi wakalipiza kisasi usiku huohuo na siku zilizofuata kwa kuua watu wengi zaidi. Katika familia nyingi za Nyeri na Murang'a ndugu mmoja alikuwa msituni na mwingine alikuwa na bunduki ya serikali. Kuanza uhuru kwa kuhesabiana makosa kungeweza kuirudisha nchi kwenye damu. Isitoshe, jamii nyingine za Kenya hazikuwa tayari kusikia kwamba uhuru ulitoka katika msitu mmoja wa kabila moja.

Lakini tazama kilichosahaulishwa na kilichobaki. Waliotakiwa kusahau ni waliopoteza mashamba. Walioyapata hawakutakiwa kurudisha kitu. Kusema kwamba wote walipigania uhuru ni kuligawa dai moja kwa watu milioni nane, hadi fungu la kila mtu lisionekane hata kwa darubini. Mpango wa kuwapa Waafrika ekari milioni moja za walowezi, ulioanza 1962, uliendeshwa kwa mikopo: serikali mpya iliinunua ardhi kwa fedha zilizokopwa Uingereza na Benki ya Dunia, na aliyepewa kiwanja alitakiwa kulipa. Mpiganaji aliyetoka msituni hakuwa na akiba. Aliyekuwa na akiba ni yule aliyefanya kazi serikalini katika miaka ya 1950. Mtu hawezi kuuziwa kitu alichonyang'anywa, na hilo ndilo ambalo simulizi ya Mau Mau, ikiachwa isemwe waziwazi, ingesema. Kwa hiyo haikuachwa.

Kaggia alilisema. Alikuwa mmoja wa Sita wa Kapenguria, hivyo hakuna aliyeweza kumwita msaliti wa uhuru, naye alitaka ardhi igawiwe bure kwa wasio na ardhi. Mwaka 1964 aliondolewa katika wadhifa wake wa katibu wa bunge katika Wizara ya Elimu. Aprili 1965, katika mkutano wa hadhara huko Kandara, Kenyatta alimuuliza mbele ya watu amejifanyia nini maishani, akamlinganisha na wafungwa wenzake waliokuwa wamejipatia mali. Swali hilo lina thamani kubwa kwa mchambuzi. Liligeuza maana ya kufungwa Kapenguria kutoka deni la taifa kwa wananchi kuwa mtaji wa mtu binafsi, na asiyeutumia mtaji wake ni mjinga. Kaggia alijiunga na chama cha KPU cha Jaramogi Oginga Odinga mwaka 1966, akashindwa katika uchaguzi mdogo wa mwaka huo, na chama chenyewe kikapigwa marufuku 1969. Mwaka huohuo wa 1965 Jenerali Baimungi wa Meru, aliyerudi msituni kwa kuona kwamba uhuru haukuwaletea ardhi wapiganaji, aliuawa na vikosi vya serikali ya Kenya huru.

Kumbukumbu za hadharani zilifuata njia hiyohiyo. Hardinge Street ya Nairobi ikawa mtaa wa Kimathi, kwa jina la Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa msituni aliyenyongwa gerezani Kamiti tarehe 18 Februari 1957, lakini mwili wake haukutafutwa. Delamere Avenue ikawa Kenyatta Avenue. Tarehe 20 Oktoba, siku ambayo hali ya hatari ilitangazwa na watu wengi wakakamatwa, ikawa sikukuu iliyoitwa Siku ya Kenyatta. Mateso ya maelfu yakawekwa katika jina la mtu mmoja, na mtu huyo ndiye aliyekuwa Ikulu. Juu ya yote, amri ya kikoloni ya 1950 iliyoipiga marufuku Mau Mau haikufutwa. Wazee waliolala katika misitu ya Aberdare na Mlima Kenya walibaki, kisheria, wanachama wa jumuiya haramu kwa miaka 40 ya uhuru.

Ulinganisho na upande wa pili wa mpaka unasaidia kuonyesha kwamba haya hayakuwa ya lazima. Tanganyika ilikuwa na vita vyake, Maji Maji, vya 1905 hadi 1907, ambavyo pamoja na njaa iliyofuata viliua watu wengi sana. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Julius Nyerere alivitaja katika Umoja wa Mataifa mwaka 1956 kama ushahidi kwamba wananchi walipinga ukoloni tangu mwanzo, na mwishoni mwa miaka ya 1960 wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitumwa vijijini kukusanya kumbukumbu za wazee. Songea Mbano, aliyenyongwa na Wajerumani Februari 1906, akawa shujaa wa taifa zima. Wanahistoria wa baadaye wamekuwa waangalifu zaidi. Wameonyesha kwamba baadhi ya jamii zilipigana upande wa Wajerumani na kwamba ugomvi wa majirani ulichanganyika na vita vya ukombozi. Simulizi ya TANU, chama cha Nyerere, ililainisha hayo. Iliweza kufanya hivyo kwa sababu adui alikuwa Mjerumani aliyekwisha ondoka, miaka 50 ilikuwa imepita, na hakuna aliyekuwa akikalia shamba kwa hati iliyotokana na usaliti wa 1906. Shujaa asiyedai kitu ni rahisi kumkumbatia.

Nchini Kenya kazi ya kulikumbuka lile lililofichwa ilifanywa na watu binafsi. J. M. Kariuki alichapisha kumbukumbu zake za kizuizini mwaka wa uhuru wenyewe, akawa mbunge aliyewatetea maskini, na Machi 1975 akauawa. Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo waliandika tamthilia ya kesi ya Kimathi, iliyochezwa Nairobi 1976 na baadaye kutafsiriwa kwa Kiswahili kwa jina la Mzalendo Kimathi. Tamthilia hiyo, ya Kiingereza, iliruhusiwa hata kuiwakilisha Kenya kwenye tamasha la sanaa za Waafrika mjini Lagos. Mwaka 1977 Ngũgĩ na Ngũgĩ wa Mĩriĩ wakatoa Ngaahika Ndeenda, kwa Kikuyu, ikichezwa na wakulima na vibarua wenyewe wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, nayo iliuliza wazi nani alipata mashamba baada ya vita. Onyesho lilipigwa marufuku na Ngũgĩ akawekwa kizuizini mwishoni mwa mwaka huo. Tofauti ya hatima za kazi hizo mbili inatosha kueleza serikali iliogopa nini. Kimathi akiwa shujaa jukwaani, kwa Kiingereza, aliweza kuvumiliwa. Mkulima wa Limuru anayemtaja jirani yake hakuweza.

Daniel arap Moi, aliyemrithi Kenyatta na ambaye aliingia Baraza la Kutunga Sheria kwa kuteuliwa mwaka 1955 vita vikiendelea, hakuwa na sababu ya kuifufua Mau Mau. Mwanahistoria Maina wa Kĩnyattĩ, aliyekusanya na kuchapisha nyimbo za wapiganaji, alifungwa mwaka 1982. Ndani ya vyuo vikuu mjadala ulikuwa halali lakini mkali: Bethwell Ogot na William Ochieng' walihoji kama vuguvugu la Wakikuyu na majirani zao laweza kuitwa la kitaifa, na wengine wakawajibu kwamba kipimo hicho kingezifuta karibu harakati zote za ukombozi barani. Pande zote mbili zilikuwa na hoja. Kosa lilikuwa kudhani kwamba swali la nani aliongoza uhuru linaweza kujibiwa kitaalamu wakati jibu lake linaamua nani arithi Bonde la Ufa.

Bonde la Ufa ndipo simulizi za Kenya zinapogongana kwa gharama ya maisha. Simulizi ya Kikuyu husema walowezi walichukua ardhi, damu ikamwagika, na walioimwaga wakastahili kukaa. Simulizi ya Wamasai na Wakalenjin huanzia nyuma zaidi: ardhi hiyo ilikuwa yao ya malisho, ikachukuliwa kwa mikataba ya Wamasai ya 1904 na 1911 na kwa vita dhidi ya Wanandi, ambao kiongozi wao Koitalel arap Samoei aliuawa tarehe 19 Oktoba 1905 na ofisa wa Kiingereza, Richard Meinertzhagen, katika mkutano ulioitishwa kwa jina la amani. Kwa mtazamo huo, uhuru uliwauzia wageni kile ambacho wakoloni walikiiba. Kila upande una ukweli wake kuhusu walowezi, na kila mmoja unanyamazia sehemu inayoupinga. Kabla ya uchaguzi wa 1992 wanasiasa wa chama tawala cha KANU walisimama majukwaani wakidai serikali ya majimbo na kuwaita wahamiaji madoadoa yanayopaswa kuondolewa. Mauaji yalifuata. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 yalirudi kwa ukubwa mwingine, na Tume ya Waki iliyochunguza ghasia hizo ilihesabu vifo 1,133. Waliochoma nyumba Eldoret hawakuwa wakisoma vitabu vya historia, lakini maneno waliyoyasema yalikuwa ya historia.

Mwai Kibaki alipoingia madarakani, marufuku ya Mau Mau ikafutwa mwaka 2003, na tarehe 18 Februari 2007, miaka 50 kamili tangu kunyongwa kwa Kimathi, sanamu yake ikazinduliwa katika mtaa wenye jina lake, ameshika bunduki. Katiba ya 2010 iliigeuza Siku ya Kenyatta kuwa Siku ya Mashujaa. Hayo ni mabadiliko ya kweli, na wazee waliobaki hai waliyafurahia. Mlango ulipofunguliwa, wakaingia pia waliokuwa nje tangu mwanzo. Mekatilili wa Menza aliyewaongoza Wagiriama dhidi ya Waingereza mwaka 1913 na 1914 akapata nafasi yake, na fimbo za Koitalel zilizokuwa Uingereza zikarudishwa mwaka 2006. Lakini utambuzi ulikuja bila ardhi. Sanamu ni nafuu kwa serikali kuliko ekari, na hilo linaeleza kasi ya sanamu na uzito wa ekari.

Historia haitumiwi na wenye nguvu peke yao. Katika Pwani ya Kenya, wanyonge wameishika kama silaha. Ukanda wa maili kumi kutoka baharini ulikuwa milki ya Sultani wa Zanzibar, ukaendeshwa na Waingereza kwa mkataba wa 1895, na ukaunganishwa na Kenya kwa makubaliano ya Oktoba 1963 yaliyohusisha serikali za Uingereza, Kenya na Zanzibar. Wakazi wengi wa ukanda huo wanaishi hadi leo kwenye ardhi ambayo hati zake ziko kwa wengine. Kundi la Mombasa Republican Council lilijenga siasa yake yote juu ya mkataba huo na kauli yake ya Pwani si Kenya. Serikali ilijibu mwaka 2010 kwa kulipiga marufuku, na Mahakama Kuu ya Mombasa ikaifuta marufuku hiyo mwaka 2012. Tafsiri ya kundi hilo ya mikataba ni dhaifu kisheria. Swali lililoibeba, la kwa nini Mpwani ni skwota alikozaliwa babu yake, si dhaifu hata kidogo, na kulijibu kwa marufuku kulilipa uzito zaidi.

Jaribio kubwa kuliko yote la kuandika historia ya pamoja lilikuwa Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyoundwa kwa sheria ya 2008 ichunguze dhuluma tangu tarehe 12 Desemba 1963 hadi Februari 2008. Ilipokea zaidi ya taarifa 40,000 za wananchi, na ikaifikia misiba ambayo serikali ilikuwa imeizima, mmojawapo mauaji ya Wagalla, Wajir, ya Februari 1984, ambayo kwa miaka mingi serikali ilisema waliokufa ni 57 huku manusura wakitaja idadi kubwa mno kuliko hiyo. Ripoti ilikabidhiwa tarehe 21 Mei 2013. Aliyeipokea alikuwa Rais Uhuru Kenyatta, mtoto wa rais wa kwanza, na sura ya ardhi ilikuwa imegusa namna baba yake alivyojipatia mashamba, Pwani ikiwemo. Kabla ya kukabidhiwa, aya kadhaa za sura hiyo zilibadilishwa. Makamishna watatu wa kimataifa, Gertrude Chawatama wa Zambia, Berhanu Dinka wa Ethiopia na Ronald Slye wa Marekani, walikataa kuitia saini sura iliyobadilishwa na kueleza hadharani shinikizo lililotoka Ikulu. Mwishoni mwa mwaka huo Bunge lilibadili sheria ili utekelezaji wa ripoti usubiri kuzingatiwa na wabunge, na zaidi ya muongo mmoja baadaye lilikuwa halijaipitisha. Hapakuwa na haja ya kuichoma moto. Kurasa zipo, yeyote anaweza kuzisoma, na hazimlazimishi mtu kufanya lolote. Hii ndiyo mbinu ya kisasa zaidi ya kudhibiti yaliyopita.

Mbinu ya zamani ilikuwa kuficha. Mwaka 1961 Iain Macleod, Waziri wa Makoloni wa Uingereza, aliagiza kwamba serikali mpya zisiachiwe nyaraka zinazoweza kuiaibisha serikali ya Malkia. Katika Kenya faili ziligawanywa makundi mawili: zitakazorithiwa, na zile ambazo ni maofisa wenye asili ya Ulaya pekee walioruhusiwa kuzishika. Za kundi la pili zilichomwa au kusafirishwa. Kenya huru iliziomba na haikupewa. Mwaka 2009 wazee watano wa Kenya waliishtaki serikali ya Uingereza mjini London kwa mateso waliyopata kambini, huku wanahistoria David Anderson, Caroline Elkins na Huw Bennett wakitoa ushahidi wa kitaalamu. Hapo ndipo serikali hiyo ilipolazimika kukiri, mwaka 2011, kwamba inazo faili takriban 1,500 za Kenya katika jengo la Hanslope Park, Buckinghamshire, pamoja na nyingine za makoloni 36. Nyaraka zilithibitisha kwamba kipigo katika kambi kilijadiliwa na kuidhinishwa na wakubwa. Tarehe 6 Juni 2013 William Hague, Waziri wa Mambo ya Nje, alitoa masikitiko bungeni na kutangaza malipo ya pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228, bila kukubali kwamba Uingereza inawajibika kisheria. Kesi nyingine ya wadai zaidi ya 40,000 ilitupwa mwaka 2018 kwa sababu muda mrefu mno ulikuwa umepita, muda ambao kwa sehemu kubwa faili zilikuwa zimefungiwa na mshtakiwa mwenyewe. Mfalme Charles alipozuru Nairobi Oktoba 2023 alieleza majuto makubwa, hakuomba radhi.

Mjane wa Kimathi, Mukami, alifariki Mei 2023 akiwa bado anadai mabaki ya mumewe, na rais wa nchi alihudhuria mazishi yake. Faili za Hanslope sasa ziko katika Nyaraka za Taifa za Uingereza huko Kew, London, na mtafiti wa kutoka Nyeri anayetaka kuzishika karatasi hizo zenyewe huanza kwa kuomba viza.